Alama za Vema kwenye Daftari la Simu

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba sare nimeivua kwa mikono yangu mwenyewe. Wenzangu kadhaa niliosoma nao walivuliwa na ndugu zao. Nyinyi wauguzi mliobaki wodini mmeniomba niandike niliyoyaona, mkaahidi kuyasoma mkipata nafasi. Najua hamtapata nafasi, lakini nitaandika hivyo hivyo. Nilipandishwa daraja lini, nani alinisainia nini, hayo yamo kwenye faili langu, na faili lenyewe nasikia halionekani. Hapa nitaandika juu ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, na juu ya daftari moja nililolibuni mimi.

Nilianza kazi kwenye zahanati ya kijijini, ndani kidogo ukitoka Somanga, watu wa mikorosho na mihogo. Siku ya kwanza nilifika na sanduku na barua, nikamkuta mkunga mkuu, Bi Somoe, amekaa kwenye kigoda anachambua pamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lete mikono."

Nilidhani anataka kunisalimia kwa mkono. Akaishika yote miwili, akaigeuza, akaiachia.

"Baridi kama ya maiti. Kwa mikono hii utawaua watoto wa watu. Nenda jikoni ukaiote moto, halafu ndiyo unipe hiyo barua."

Basi kazi yangu ya kwanza serikalini ilikuwa kuota moto. Kipimajoto kilikuwa kimoja, na Bi Somoe alikitunza kama mtu anavyotunza mswaki wake, mwingine haruhusiwi. Sisi alitufundisha kutumia mgongo wa kiganja. Unagusa tumbo la mtoto, kisha nyayo. Tumbo likiwa na joto na nyayo zina baridi, mtoto ameanza kula akiba yake. Vyote vikiwa baridi, umechelewa, piga mbio. "Na usije ukaniambia amekufa ghafla," alikuwa akisema. "Njiti hafi ghafla. Anafifia. Ukiniambia ghafla nitajua ulikuwa unatazama pengine."

Nimezika wengi miaka ile. Tuliwafunga pamba, tukawawekea chupa za maji ya moto, tukawasomea. Wengine waliishi kwa rehema za Mungu, na wengi hawakuishi. Mmoja alikaa nasi siku kumi na moja, mama yake akamkamulia maziwa kwenye kijiko mpaka kijiko kikapauka, na siku ya kumi na mbili asubuhi niligusa nyayo, nikagusa tumbo, nikamfunika. Bi Somoe hakunifariji. Alinipa mtoto mwingine nimshike.

Baadaye nilihamishiwa hospitali kubwa zaidi katika mkoa huo huo, ambayo sitaitaja. Huko ndiko nilikokuta utaratibu wa kumbeba njiti kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akafungwa kanga juu, usiku na mchana, bila kushushwa. Mkiusoma leo vitabuni mnauona jambo la kawaida. Kwangu, niliyetoka kwenye chupa za maji ya moto, ilikuwa kama kuona kaburi linafunguliwa. Watoto niliokuwa na hakika tutawazika waliongezeka uzito mbele ya macho yangu. Nikaupenda utaratibu ule kwa moyo wote, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, kwa sababu mtu akipenda kitu sana huacha kukikagua.

Vitanda vilikuwa sita. Wenye kuhitaji walikuwa zaidi, siku zote. Tukakubaliana, na mimi ndiye niliyelileta wazo hilo kikaoni, kwamba mama akishajua kumbeba na mtoto akiwa anashika uzito kwa siku tatu, aruhusiwe kwenda kuendelea nyumbani hata kama uzito uliowekwa hajaufikia. Na ili tusiwapoteze, tutawapigia simu kila wiki. Kuwatembelea tusingeweza, mmoja yuko Mitwero, mwingine shambani huko ndani, mwingine anaishi Kilwa Kisiwani na kumfikia mpaka uvuke kwa mashua. Nikachora daftari la simu kwa rula. Jina la mama, kijiji, namba, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mtoto akiwa hai, vema kwa kalamu ya kijani. Akiwa amefariki, mkasi mwekundu, mistari miwili iliyokatana. Simu zilipigwa kabla ya kukabidhi zamu ya asubuhi, orodha nzima, na nyingi nilizipiga mimi.

Zainabu alikuwa binti wa miaka kama ishirini, uzazi wa kwanza, ameolewa Kisiwani. Mumewe alikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi ya mbali, miezi hajarudi. Mtoto wake wa kiume alikuwa mdogo lakini mkali, ananyonya kwa kijiko na kudai zaidi. Siku ya tatu uzito ulikuwa umeongezeka vizuri, nikamwandikia karatasi ya ruhusa.

"Mama, niongeze siku mbili," akaniambia. Aliniita mama, hakuniita nesi.

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Hapa nikienda kuoga kuna mtu wa kunishikia."

"Na huko si una mama mkwe?"

Akainamisha kichwa. "Yupo."

"Basi. Kitanda kina mwenyewe, mwanangu, yule pale mlangoni."

Na kweli alikuwepo, mama mwingine amesimama na kichanga chake kwenye kanga. Zainabu akamtazama, akafunga mzigo wake. Mlangoni alinishukuru.

Wiki ya kwanza nilimpigia.

"Assalaamu alaykum. Kwa Zainabu hapo?"

"Waalaykumu salaam. Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

"Na mtoto?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Alhamdulillahi. Haya, endelea kumbeba kifuani, usimshushe."

Akanyamaza kidogo. "Haya, mama."

Nikaweka vema ya kijani, nikapiga namba inayofuata. Wiki tatu zilizofuata salamu zilikuwa zile zile, na vema zile zile.

Miezi ikapita, daftari likajaa kijani kama shamba baada ya mvua. Mikasi ilikuwa miwili tu, na yote ya watoto waliorudishwa wakafia mikononi mwetu. Wakubwa wakafurahi. Ikasemwa kwamba utaratibu wetu wa kuwaruhusu mapema utapelekwa wodi nyingine za mkoa, na kikao cha kuamua hilo kikapangwa. Wakati huo mimi, na mvi zangu, nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada, nasoma huku nafanya kazi. Nikaamua kuandika utafiti wangu wa kumalizia juu ya daftari lile. Vijana wa darasani waliniita Bi Mkubwa na kunibebea begi, na mitihani wakanishinda wote.

Msimamizi wangu alikuwa Mwalimu Namtumba, muuguzi wa zamani, mwembamba, mtu wa kunywa chai bila sukari na kusema bila sukari. Nikampelekea majedwali yangu. Akayasoma yote, akavua miwani.

"Bi Rukia, takwimu zako nzuri."

"Ahsante, mwalimu."

"Nzuri mno. Watoto wadogo hivi, vijiji vile, na wote wazima? Hata waliozaliwa na kilo tatu hawana bahati hiyo."

"Mungu ametujalia."

"Mungu ametujalia na akili pia. Nani alikwenda kuwaona?"

Nikamweleza habari za simu. Akaniambia nitafanya utafiti wa mbinu mchanganyiko. Nusu ninayo tayari, ile ya kuhesabu. Nusu ya pili niwaendee akina mama nyumbani, nikae kitako, niwaache wazungumze, nirekodi, niandike neno kwa neno. Halafu niweke nusu mbili pamoja nione zinakubaliana au zinagombana.

"Umri wangu huu nikazurure na kinasa sauti?"

"Umri wako huu ndio watakuambia ukweli. Hawa vijana wataambiwa hatujambo, warudi."

"Na nusu mbili zikigombana?"

"Ndipo kazi inaanza," akasema, akavaa miwani yake.

Nilikasirika njia nzima. Naungama hapa kwamba nilikwenda Kisiwani nikiwa na nia ya kumwonyesha mwalimu yule kuwa amekosea. Nilimchagua Zainabu kwa sababu nilimkumbuka mtoto wake alivyokuwa mkali. Nilikadiria anatambaa sasa. Nilibeba na nguo yake moja, ya kumpa.

Nilimkuta uani anakuna nazi, mkwewe amekaa upande wa pili na tasbihi. Wakanitandikia mkeka, wakaniletea maji. Tukasalimiana, tukaulizana habari za huku na huko kama inavyopasa. Nikaeleza nimekuja kwa ajili gani, nikasoma karatasi ya ridhaa, nikatoa kinasa sauti. Uani kulikuwa safi, kumefagiwa. Kamba ya nguo ilikuwa na kanga mbili na buibui. Muuguzi wa miaka yangu alipaswa kuiona ile kamba kabla hajafungua mdomo. Mimi nilikuwa natazama karatasi yangu ya maswali.

"Swali la kwanza," nikasema. "Mtoto sasa ana umri gani?"

Zainabu akaacha kukuna nazi.

Mkwewe ndiye aliyejibu. "Nesi, aliyekufa ana umri?"

Nikasema neno tunalosema sote, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Nikauliza lini. Zainabu akanitajia siku. Nilifungua daftari hapo hapo mkekani. Simu yangu ya kwanza, yenye vema ya kijani, nilikuwa nimeipiga siku mbili baada ya mazishi.

"Lakini nilikuuliza, mwanangu. Ukaniambia tunamshukuru Mungu."

"Ulinisalimia, nikakujibu salamu," akasema, taratibu kabisa, bila ukali. "Nikangoja uniulize. Tukishamaliza kusalimiana ndiyo ningekwambia. Ukaniambia endelea kumbeba kifuani, usimshushe. Ukakata."

Mkwewe akadakia. "Na msiba unasemwa kwenye simu? Kwa mtu mzima, hujui amekaa wapi, amesimama wapi? Tulisema hospitali watamtuma mtu. Tukakaa siku tatu za matanga, hakuja mtu. Tukasema basi, ndivyo walivyo."

Wanangu, mimi nimezaliwa pwani hii. Baba yangu alipofariki nilipigiwa simu nikaambiwa anaumwa kidogo, nije nimwangalie, na watu walikuwa wameshachimba kaburi. Mimi mwenyewe ukinisalimia siku ya msiba wangu nitakujibu salama, alhamdulillahi, kisha ndiyo nitakueleza. Hakuna mtu katika mkoa ule aliyepaswa kulijua jambo hilo kuliko mimi. Lakini nilipochora lile daftari sikuwa mtu wa pwani, nilikuwa mtu wa jedwali. Nilisikia nusu ya kwanza ya maneno ya watu wangu nikaiwekea vema.

Nikanyoosha mkono kuzima kinasa sauti. Zainabu akanizuia.

"Kiache. Nacho kisikie."

Akaeleza. Alimbeba siku mbili mchana na usiku, amekaa ukutani. Siku ya tatu nyumba haikuwa na maji. Mkwewe miguu ilikuwa imevimba, hawezi kisima. Kubeba ndoo kichwani na kichanga kifuani hakuweza. Aliteleza mara ya kwanza, akaogopa. Akamlaza kitandani, akamfunika kanga tatu, akaenda. Akarudi, akapika, akamnyonyesha, akamwona analala vizuri. "Nikafurahi hasumbui," akasema. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tano mtoto hakutaka tena kijiko.

"Ningemshika mimi," mkwe akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kukaa naye kifua wazi nilidhani ni mambo ya mama na mwanawe, ya hospitali huko. Hakuna aliyeniambia na mimi joto langu linafaa."

Niliondoka na ile nguo kwenye mkoba. Sikuwa na uso wa kuitoa.

Niliporudi nilimpigia Mwalimu Namtumba, nikamweleza. Nilitegemea atanisema. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Sasa waendee wote." Nikawaendea wote, si wale wachache wa utafiti. Ilinichukua likizo yangu nzima. Sikuuliza tena mtoto ana umri gani. Nilisalimia, nikajibiwa, nikakaa, nikanyamaza mpaka wao wenyewe waseme. Mitwero nyumba ya kwanza, amekufa wiki ya pili. Shamba la korosho huko ndani, amekufa, na mama mwenyewe amehama. Kila niliporudi nilichukua kalamu nyekundu nikachora mkasi juu ya vema yangu mwenyewe. Nilipofika wa tisa niliweka kalamu chini nikaenda kutawadha, nikaswali rakaa mbili, nikarudi nikaendelea.

Walioishi walikuwepo pia, na hao ndio walionifundisha. Somanga, kando ya barabara kuu, nilimkuta mama anakaanga samaki wa kuwauzia abiria, na njiti wake sasa ni jitu linalovuta shuka za watu.

"Huyu ulimbeba vipi na kazi hii?" nikamuuliza.

"Mie?" akacheka. "Nani kasema nilimbeba mie? Bibi yake. Alikuja kunitazama wodini siku ya kuruhusiwa, akawaona wenzangu wamefunga vitoto, akasema haya mambo rahisi, lete. Bibi yake ana kifua, nesi, mimi nina moto."

Niliyaandika maneno hayo kama alivyoyasema, na ndiyo maneno ya maana kuliko yote katika utafiti wangu. Niliporudi kwenye hesabu na jicho hilo, ikaonekana wazi. Karibu wote walioishi walikuwa na mtu wa pili aliyembeba mtoto: bibi, dada, baba mmoja fundi cherehani aliyeshona na mwanawe kifuani huku majirani wakimzomea. Karibu wote waliokufa, mama alikuwa peke yake na ndoo. Hesabu peke yake ilinidanganya. Maneno ya Zainabu peke yake, bila kuwafikia wengine, yangeitwa msiba wa mtu mmoja.

Siku ya kikao nilisimama nikafungua daftari lililojaa wekundu. Mwenyekiti akaniuliza, "Bi Rukia, simu hizi hukupiga wewe mwenyewe?"

"Nilipiga mwenyewe, na nilikosea mwenyewe."

"Unajua hii inatuweka wapi?"

"Najua inawaweka wapi wale watoto."

Mwenzangu mmoja akanong'ona nisikie, "Bi Mkubwa kaamua kustaafu na sisi sote." Hawakunipenda siku ile, na sikuwa na la kudai. Mpango wa kueneza utaratibu ukasimamishwa. Wodini kwetu tukaweka sharti: hakuna njiti anayeruhusiwa mpaka mtu wa pili wa nyumbani amekaa naye kifuani hapo hapo mbele yetu, siku mbili. Vitanda vilibaki sita. Akina mama wakalala wawili wawili, mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, na bibi zao sakafuni. Kuna njiti waliokataliwa nafasi kwa sababu hiyo. Baadhi yao pia nimewazika, na hao hawamo katika daftari lolote. Sitawaambia kwamba mambo yalikuwa mazuri. Yalikuwa ya kweli zaidi.

Basi mkipewa daftari lililojaa vema, ulizeni nani alikwenda, alikaa muda gani, na alinyamaza kiasi gani. Na mkipewa kisa kimoja cha kuliza, ulizeni wako wangapi.

Mwezi niliostaafu nilivuka tena Kisiwani. Mkwewe Zainabu alikuwa ametangulia mbele ya haki, na mume amerudi. Zainabu alikuwa na binti wa miaka miwili aliyejificha nyuma ya kanga yake. Tulisalimiana mpaka mwisho wa salamu. Nikamwambia sikuja kwa utafiti. Nimekuja kuomba radhi, kwa sababu aliniomba siku mbili nikamnyima, na kwa sababu ya ile simu.

Alimpangusa mtoto pua.

"Mimi nimekusamehe, mama. Zamani sana," akasema. "Ya kwake mtaonana naye mwenyewe."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia. Na mimi nimekaa chuo cha Kurani tangu mdogo, najua haki ya mtu huisamehe mwenyewe aliyedhulumiwa, hakuna wa kumsamehea. Nilitaka kumwambia kwamba vichanga hawana hesabu na mtu, kwamba wako peponi kama ndege, wanawangojea mama zao mlangoni. Nimewaambia hivyo wanawake wengi kwenye ile wodi, na ninaamini. Lakini nilinyamaza. Maneno yale tulifundishwa kwa ajili ya mama aliyefiwa. Sikuona mahali yanapomhusu nesi.